Programu za uzamili za tiba ya ndoa na familia (Marekani)

Programu ya uzamili ya tiba ya ndoa na familia ni mafunzo ya chuo kikuu yanayomwandaa mhitimu wa shahada ya kwanza kuwa mtaalamu wa afya ya akili anayewahudumia watu kwa kuangalia uhusiano wao: mume na mke, wazazi na watoto, ndugu, au watu wengine wanaoishi kama familia. Taaluma hii ilikua hasa nchini Marekani, ambako mafunzo huchukua kwa kawaida miaka 2 hadi 3.

Shahada peke yake haimruhusu mhitimu kufanya kazi kwa kujitegemea. Ruhusa hiyo ni leseni inayotolewa na serikali ya jimbo, na kila jimbo lina masharti yake. Ndiyo sababu uchaguzi mzuri wa programu huanzia mwisho wa safari: mwombaji hujua kwanza anakusudia kufanya kazi wapi, halafu husoma masharti ya leseni ya mahali hapo, na mwisho hutafuta chuo kinachoyatimiza. Anayeanza na sifa za chuo au unafuu wa ada anaweza kuhitimu vizuri na bado akakataliwa leseni.

Maana na mipaka ya taaluma

Wataalamu wa tiba hii huitazama familia kama mfumo mmoja ambao sehemu zake zinategemeana. Mtoto anapokataa kwenda shule, mtaalamu haulizi tu mtoto ana tatizo gani. Huuliza pia nini hutokea nyumbani asubuhi, nani humtetea, nani humkemea, na kama ugomvi wa wazazi hutulia pale mtoto anapougua. Mteja anaweza kuja peke yake, lakini mazungumzo hugusa watu ambao hawapo chumbani.

Kazi hii inatofautiana na usuluhishi. Msuluhishi hutafuta mapatano kati ya pande mbili zinazogombana. Mtaalamu wa tiba hutafuta kubadili namna ya kuhusiana inayozaa ugomvi uleule kila mara, na nchini Marekani anaruhusiwa pia kutambua na kutibu matatizo ya akili kama sonona na wasiwasi, kwa kadiri ya sheria ya jimbo lake. Dawa haandiki, hiyo ni kazi ya daktari.

Taaluma tatu nyingine zinakaribiana nayo: ushauri nasaha, ustawi wa jamii na saikolojia. Kila moja ina shahada yake na leseni yake. Mtu mwenye uzamili wa ustawi wa jamii anaweza kutibu familia, na mtaalamu wa ndoa na familia anaweza kumhudumia mtu mmoja mmoja, lakini leseni zao hazibadilishani. Anayetaka kufanya kazi hospitalini, shuleni au katika ofisi za serikali hufanya vizuri kusoma kwanza matangazo ya kazi ya eneo lake, ili aone waajiri wanataja leseni ipi.

Historia

Vituo vya kwanza vya ushauri wa ndoa nchini Marekani vilianzishwa kati ya mwaka 1929 na 1932. Abraham na Hannah Stone, waliokuwa madaktari, walianza huduma hiyo mjini New York. Paul Popenoe alifungua taasisi yake mjini Los Angeles mwaka 1930. Na Emily Mudd aliongoza baraza la ndoa mjini Philadelphia kuanzia mwaka 1932. Historia hiyo ina doa: Popenoe alikuwa mtetezi wa yujeniki, nadharia iliyotaka kuamua ni watu gani wanafaa kuzaa.

Mwaka 1942 washauri wa ndoa waliunda chama chao cha kitaifa, ambacho leo kinajulikana kwa kifupi kama AAMFT. Katika miaka ya 1950 na 1960 waliingia watafiti na madaktari wa akili walioanza kuwaona wagonjwa pamoja na jamaa zao. Gregory Bateson na wenzake huko Palo Alto, California, walichunguza mawasiliano katika familia zenye mgonjwa wa skizofrenia. Murray Bowen alifuatilia jinsi hofu na mivutano inavyorithishwa toka kizazi hadi kizazi. Virginia Satir alisisitiza heshima na uwazi wa mawasiliano. Salvador Minuchin, aliyezaliwa Argentina, alifanya kazi na familia maskini za mjini, akachunguza mipaka na mamlaka ndani ya nyumba. Majina hayo bado yanafundishwa katika karibu kila programu.

California ilikuwa jimbo la kwanza kutoa leseni, mwaka 1963. Kufikia mwaka 2009 majimbo yote 50 yalikuwa na sheria ya kusimamia taaluma hii.

Ngazi za masomo

Shahada ya uzamili ndiyo ngazi inayotakiwa kwa leseni. Majina yake hutofautiana: vyuo vingine huiita uzamili wa sanaa, vingine uzamili wa sayansi, na vingine huweka tiba ya familia kama mkondo ndani ya saikolojia au ushauri nasaha. Kwa bodi ya leseni jina la shahada lina uzito mdogo kuliko orodha ya masomo na saa za mazoezi zilizomo.

Shahada ya uzamivu huwafaa zaidi wanaotaka kufundisha chuo kikuu, kufanya utafiti au kuwasimamia wataalamu wapya. Si lazima kwa anayetaka kuhudumia wateja tu, na huongeza miaka kadhaa ya masomo.

Vipo pia vyeti vya muda mfupi kwa watu ambao tayari wana leseni ya taaluma jirani. Cheti cha namna hiyo huongeza ujuzi, lakini kwa kawaida hakimpi mtu leseni mpya. Tangazo linaloahidi kumfanya mtu "mtaalamu wa familia" kwa miezi michache halina budi kusomwa kwa tahadhari.

Ithibati

Neno ithibati hutumika kwa mambo mawili yanayochanganywa mara nyingi.

La kwanza ni ithibati ya chuo kizima. Hii huthibitisha kwamba chuo ni halali, kina walimu na fedha za kutosha, na shahada zake zinaweza kutambuliwa na vyuo vingine. Bila ithibati hiyo, mwanafunzi hapati mkopo wa serikali ya shirikisho, na shahada inaweza kukataliwa karibu kila mahali.

La pili ni ithibati ya programu yenyewe. Katika tiba ya ndoa na familia, chombo kikuu ni COAMFTE, tume ya ithibati iliyoundwa chini ya AAMFT na kutambuliwa na serikali ya shirikisho mwaka 1978. Chombo kingine ni CACREP, kilichoanzishwa mwaka 1981, ambacho hukagua programu za ushauri nasaha, zikiwemo zenye mkondo wa ndoa, wenzi na familia.

Chuo mashuhuri chenye ithibati kamili kinaweza kuwa na programu isiyo na ithibati ya COAMFTE. Hilo si kosa kisheria, na katika majimbo kadhaa mhitimu wake bado atapata leseni. Lakini akihamia jimbo linalodai ithibati hiyo au masomo yanayolingana nayo, itambidi athibitishe somo moja baada ya jingine kwamba aliyosoma yanatosha, na huenda akarudishwa darasani. Mkataba wa majimbo unaorahisisha uhamaji wa washauri nasaha wenye leseni haukuundwa kwa ajili ya wataalamu wa ndoa na familia. Kwa hiyo mtu ambaye hajui atakaa wapi ana sababu zaidi ya kupendelea programu yenye ithibati ya COAMFTE.

Ithibati huhakikiwa katika orodha ya chombo kinachoitoa, si katika kipeperushi cha chuo. Maneno kama "tumeomba ithibati" au "mtaala wetu unafuata viwango vya COAMFTE" hayana maana sawa na "tuna ithibati".

Leseni: mfano wa majimbo mawili

Tofauti za majimbo huonekana wazi California ikilinganishwa na New York.

California inadai shahada yenye angalau vipimo 60 vya muhula, pamoja na masomo yaliyotajwa katika sheria yake. Haidai ithibati ya COAMFTE. Mgombea anatakiwa kukamilisha saa 3,000 za kazi chini ya usimamizi, katika muda usiopungua wiki 104. Kati ya saa hizo, angalau 1,750 ziwe za kuwahudumia wateja moja kwa moja, na angalau 500 ziwe za kuwahudumia wenzi, familia au watoto. Saa zisizozidi 1,300 zinaweza kupatikana kabla ya kuhitimu. Hakuna wiki inayoweza kuhesabiwa zaidi ya saa 40. California pia kwa muda mrefu imekuwa na mitihani yake, ukiwemo wa sheria na maadili.

New York huhesabu kwa njia nyingine. Inadai saa 1,500 za kukutana na wateja chini ya usimamizi, na programu iliyosajiliwa na idara ya elimu ya jimbo, au yenye ithibati inayokubalika, au inayolingana na hizo. Mtihani wake ni ule wa kitaifa unaotumiwa na majimbo mengi.

Mhitimu wa programu iliyotengenezwa kwa ajili ya California hajaandaliwa moja kwa moja kwa New York. Anaweza kukuta somo moja halimo katika cheti chake au saa zake zimeandikwa kwa namna ambayo bodi nyingine haizitambui. Hivyo mwanafunzi hushauriwa kuhifadhi maelezo ya kila somo, fomu za saa zilizosainiwa, na nambari ya leseni ya kila msimamizi wake, hata miaka mingi baada ya kuhitimu. Msimamizi anaweza kuhama au kufariki, na kituo kinaweza kufungwa. Karatasi iliyosainiwa wakati wake ndiyo hubaki.

Kanuni za shirikisho zilizoanza kutumika Julai 2020 zilivitaka vyuo vyenye programu zinazoelekea kwenye leseni kutangaza ni katika majimbo gani programu hiyo inatimiza masharti ya elimu, katika majimbo gani haitimizi, na katika majimbo gani chuo hakijafanya uamuzi. Mwombaji anaweza kuiomba taarifa hiyo kwa maandishi kabla ya kulipa chochote. Chuo kikijibu kwamba hakijafanya uamuzi kuhusu jimbo fulani, jibu hilo si "ndiyo".

Masomo na mafunzo kwa vitendo

Masomo ya darasani kwa kawaida hujumuisha nadharia za mifumo ya familia, makuzi ya binadamu, utambuzi wa matatizo ya akili, tiba ya wenzi, afya ya ngono, matumizi ya dawa za kulevya na pombe, tofauti za utamaduni, utafiti, sheria na maadili. Mwanafunzi hujifunza pia kuchora jenogramu, yaani mchoro wa familia wa vizazi 3 au zaidi unaoonyesha ndoa, vifo, magonjwa, uhasama na ukaribu.

Sehemu nyeti zaidi ni mafunzo kwa vitendo. Toleo la 12.5 la viwango vya COAMFTE linadai saa zisizopungua 300 za kuwahudumia wateja, ambazo angalau 100 ziwe na wenzi au familia. Linadai pia saa 100 za usimamizi, na nusu yake itumie kazi yenyewe ya mwanafunzi: msimamizi akitazama kikao moja kwa moja, kwa mfano nyuma ya kioo cha upande mmoja, au akipitia rekodi ya video au sauti. Sharti hilo lina sababu. Mwanafunzi anayesimulia tu kikao chake husimulia alichokiona. Rekodi huonyesha alichokikosa, kama mke aliyenyamaza kila mume alipofungua kinywa.

Programu hutofautiana sana katika jambo hili. Nyingine zina kliniki yao ndani ya chuo. Nyingine humwachia mwanafunzi kazi ya kutafuta kituo. Katika mji wenye vyuo vingi nafasi zinaweza kuwa haba, na mwanafunzi asiyepata kituo huchelewa kuhitimu huku ada ikiendelea. Aidha kuna vituo vinavyopokea karibu wateja wa mtu mmoja mmoja tu, na mwanafunzi akakosa saa za wenzi na familia ambazo ndizo kiini cha shahada yake.

Usalama nao ni kipimo cha ubora. Programu nzuri humfundisha mwanafunzi kuchunguza dalili za ukatili wa nyumbani kwa kumhoji kila mwenzi peke yake kabla ya kuwaweka pamoja, kwa sababu mke anayepigwa anaweza kuadhibiwa nyumbani kwa alichokisema kikaoni. Humfundisha pia wajibu wa kuripoti unyanyasaji wa watoto, ambao uko katika sheria za majimbo yote.

Imani na maadili

Baadhi ya programu ziko katika vyuo vya kidini. Mifano ni Brigham Young University ya Watakatifu wa Siku za Mwisho na Loma Linda University ya Waadventista, ambazo zimekuwa na programu zenye ithibati ya COAMFTE. Vyuo vya namna hiyo vinaweza kuwa na kanuni za mwenendo ambazo mwanafunzi hutakiwa kuzikubali.

Wengi huvutiwa na taaluma hii kwa sababu tayari ni viongozi wa kanisa au msikiti wanaoombwa ushauri na wanandoa. Hata hivyo kanuni za maadili za AAMFT zinakataza kuwabagua wateja kwa misingi kama dini, rangi, umri, ulemavu, jinsia au mwelekeo wa kijinsia, na zinampa mteja haki ya kuamua mwenyewe kuhusu kuoa, kuachana au kurudiana. Mtaalamu haruhusiwi kumwamulia. Anayekusudia kazi ya kuwaongoza waumini kufuata mafundisho ya dini yao anaweza kufaidika zaidi na masomo ya huduma za kichungaji kuliko programu ya leseni.

Kusoma takwimu za programu

Programu zenye ithibati ya COAMFTE hutakiwa kutangaza takwimu za wahitimu wao: wangapi walimaliza, wangapi walipata leseni na wangapi walipata kazi. Takwimu hizo zina faida kubwa zikisomwa kwa makini.

Chukua mfano wa kubuni. Programu inasema wahitimu wake wote waliofanya mtihani walifaulu. Lakini wanafunzi 20 walianza, 12 walimaliza, na 6 tu ndio waliofikia kufanya mtihani. Asilimia 100 ni kweli kwa wale 6. Kwa waliolipa ada ya mwaka wa kwanza, waliofaulu ni 6 kati ya 20, yaani asilimia 30. Mwombaji huuliza kwa hiyo idadi ya walioanza, si asilimia peke yake. Huuliza pia takwimu ni za mwaka gani, kwani leseni huchukua miaka kadhaa baada ya kuhitimu.

Uimara wa chuo nao huangaliwa. Argosy University, iliyokuwa na kozi za saikolojia na ushauri katika majimbo mbalimbali, ilifunga kampasi zake Machi 2019 katikati ya muhula, na maelfu ya wanafunzi walibaki wakitafuta vyuo vya kuwapokea. Chuo kilichowekwa chini ya uangalizi na chombo chake cha ithibati hutajwa hadharani, na taarifa hiyo hupatikana bila malipo.

Gharama

Ada hutangazwa mara nyingi kwa kipimo kimoja cha masomo, jambo linaloifanya ionekane ndogo. Hesabu sahihi ni kuzidisha bei hiyo kwa vipimo vyote, kwa mfano 60, kisha kuongeza ada za kliniki, bima, vitabu, nauli ya kwenda kituoni na usajili wa bodi.

Kuna gharama mbili ambazo hazimo katika matangazo. Ya kwanza ni kazi bila malipo: saa za mafunzo kwa vitendo mara nyingi hazilipwi, na mwenye familia ya kulisha hulazimika kupunguza saa za ajira yake. Ya pili ni kipindi baada ya kuhitimu, ambapo mtaalamu asiye na leseni kamili hulipwa kidogo, na katika baadhi ya sehemu humlipa msimamizi kutoka mfukoni. Kwa upande mwingine, tangu 1 Januari 2024 wataalamu wa ndoa na familia wenye leseni wanaweza kulipwa na Medicare, bima ya serikali inayowahudumia hasa wazee, na hilo limepanua nafasi za kazi kwa waliofika mwisho wa safari.

Masomo kwa njia ya mtandao

Programu za mtandaoni zimewafungulia mlango watu wa vijijini na wafanyakazi. Nazo zinaweza kuwa na ithibati ya COAMFTE. Hata hivyo mafunzo kwa vitendo hufanyika na wateja halisi, kwa kawaida mahali anapoishi mwanafunzi, chini ya sheria za jimbo hilo. Kabla ya kujiandikisha ni muhimu kujua kama chuo kinaruhusiwa kufundisha wakazi wa jimbo hilo, nani hutafuta kituo, na kama msimamizi wa eneo hilo anakubalika kwa bodi. Anayesoma akiwa Afrika Mashariki ahakikishe kwanza kwamba programu hupokea saa zilizofanywa nje ya Marekani.

Wanafunzi kutoka nje ya Marekani

Mwanafunzi mwenye viza ya F-1 ana mipaka yake. Hapati mikopo ya serikali ya shirikisho. Katika muhula, somo moja tu la mtandaoni, lisilozidi vipimo 3, linaweza kuhesabiwa katika mzigo wake wa lazima, hivyo programu ya mtandaoni kabisa haimpi haki ya viza hiyo. Mafunzo katika kituo cha nje ya chuo huhitaji kibali cha mafunzo ya vitendo yaliyo sehemu ya mtaala, na akitumia kibali hicho kwa muda kamili wa miezi 12 hupoteza haki ya kibali cha kazi cha baada ya kuhitimu.

Kibali hicho cha baada ya kuhitimu kwa kawaida ni cha miezi 12. Nyongeza ya miezi 24 ni ya fani za sayansi na teknolojia zilizoorodheshwa na serikali, na tiba ya ndoa na familia haimo. Hapo hesabu ya leseni inakuwa ngumu. Aliyehitimu California bila saa zozote hawezi kupata saa 3,000 katika wiki 52, kwa kuwa hata akifanya saa 40 kila wiki atafikia 2,080. Aliyepata saa zote 1,300 zinazoruhusiwa kabla ya kuhitimu anabaki na 1,700, ambazo ni karibu saa 33 kwa wiki bila likizo, bila kuugua na bila mteja kukosa kuja. Kwa mwanafunzi wa aina hii, kliniki ya ndani ya chuo inayompa saa nyingi mapema ni jambo la kuamua kila kitu.

Wasemaji wa Kiswahili

Wakimbizi kutoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo wamekuwa miongoni mwa makundi makubwa yaliyopokelewa Marekani katika miaka ya 2010, na wengi wao huzungumza Kiswahili. Familia hizo zimepitia vita, miaka ya kambini na mabadiliko ya madaraka nyumbani: mtoto hujua Kiingereza kabla ya baba yake, akawa yeye ndiye anayeongea na shule, daktari na mwenye nyumba. Mtaalamu anayejua Kiswahili humwondolea mtoto mzigo wa kutafsiri siri za wazazi wake.

Lakini kikao cha Kiswahili huleta swali la usimamizi. Ikiwa usimamizi unategemea rekodi na msimamizi hajui lugha, atatazama video asiyoielewa. Mwombaji anayetaka kuwahudumia watu wake huuliza mapema kama programu ina msimamizi anayejua Kiswahili, au kama tafsiri ya rekodi inakubaliwa na nani huilipia. Huuliza pia kama mtaala unaigusa familia iliyo pana kuliko mume, mke na watoto: ndoa za wake wengi, mahari, na nafasi ya shangazi na mjomba katika maamuzi ya nyumba.

Uhusiano na Afrika Mashariki

Nchini Kenya, Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia ya mwaka 2014 iliunda bodi ya kuwasajili wataalamu hao. Uzamili wa tiba ya ndoa na familia umekuwa ukitolewa Nairobi na vyuo kama United States International University–Africa na Pan Africa Christian University. Nchini Tanzania, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka shauri la ndoa lipelekwe kwenye baraza la usuluhishi wa ndoa kabla ya maombi ya talaka kufika mahakamani, isipokuwa katika hali zilizotajwa na sheria. Kazi ya baraza hilo ni usuluhishi, si tiba, ingawa mtaalamu wa familia anaweza kukutana na wanandoa haohao kabla au baada ya kufika huko.

Anayekusudia kusoma Marekani na kurudi nyumbani hufuata kanuni ileile ya kuanzia mwisho. Leseni ya California haitoi haki ya kufanya kazi Nairobi au Dodoma. Mambo ya kuulizia kwanza ni utambuzi wa shahada na mamlaka ya elimu ya juu, kama vile Tume ya Vyuo Vikuu nchini Tanzania, na usajili wa kitaaluma pale unapotakiwa, kama ule wa bodi ya Kenya. Barua ya majibu kutoka kwa mamlaka hizo, iliyopatikana kabla ya kuondoka, huokoa miaka ambayo hakuna chuo kinachoweza kuirudisha.